Wasomaji Wauliza: Édouard Lucas, mwalimu wa sekondari aliyezipima namba kubwa

Katika toleo lililopita safu hii ilichapisha fumbo la mnara wa visahani, na chini yake tuliandika kwa ufupi kwamba lilibuniwa na Mfaransa aitwaye Édouard Lucas. Barua zilizofuata zilitaka kumjua zaidi mtu huyu na kazi yake, nasi tumeamua kulitenga toleo hili lote kwa ajili yake. Maswali yamefupishwa, majibu ni ya mwandishi wa safu.

SWALI: Mhariri, salaam. Nafundisha hesabu kidato cha tatu na cha nne. Nimewahi kusoma juu ya namba za Lucas, lakini sijapata maelezo ya maisha yake kwa Kiswahili. Alikuwa profesa wa chuo kikuu gani, na alijulikana kwa lipi? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, Lucas hakujulikana kwa cheo cha chuo kikuu. Kazi iliyompatia riziki ilikuwa ile ile yako: alifundisha hesabu katika shule za sekondari za serikali, ambazo Wafaransa huziita lycée, kwanza katika mji wa Moulins ulio katikati ya Ufaransa, na baadaye jijini Paris katika shule za Charlemagne na Saint-Louis. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu anayelikuta jina lake vitabuni, likiwa limeambatanishwa na mfuatano wa namba na pia na jaribio linalotumiwa na kompyuta hadi leo, hudhani kwamba mtu huyo alikuwa na ofisi ya utafiti na muda usio na mwisho. Lucas alikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1842 katika mji wa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, mji uliosifika kwa viwanda vya nguo. Alifaulu mitihani ya kuingia vyuo viwili vilivyoheshimika kuliko vyote, École polytechnique na École normale supérieure, akachagua hicho cha pili, ambacho ndicho kilichoandaa walimu. Alipohitimu alifanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Paris chini ya Urbain Le Verrier, yule mwanafalaki ambaye mwaka 1846 alionyesha kwa hesabu peke yake mahali ilipo sayari ya Neptune kabla haijaonekana kwa darubini. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, Lucas alitumikia akiwa ofisa wa kikosi cha mizinga. Ufaransa ikashindwa, naye akaingia darasani, na ualimu ukawa kazi yake mpaka mwisho wa maisha.

Maandishi yake ya awali yanaonyesha namna alivyopenda kuikuta hesabu mahali ambapo wengine hawakuitafuta. Mwaka 1867 alitoa kijitabu kuhusu hesabu za kufuma kitambaa cha satini. Katika satini, kila uzi wa mshindio, yaani wa kukata upana, hufungwa na uzi mmoja tu wa mtande, yaani wa kwenda urefu, katika kila kundi, na sehemu za kufungia zinapaswa kutawanyika ili kitambaa kiwe laini na king'ae. Ikiwa kundi lina nyuzi 5 na kila safu inaruka nyuzi 2, sehemu hizo zinaangukia nafasi ya 0, 2, 4, 1 na 3, yaani kila nafasi inafikiwa mara moja. Ikiwa kundi lina nyuzi 6, hakuna ruko litakalofaa, kwa sababu ukiacha 1 na 5, ambayo huleta mistari ya mshazari tu, namba zote zilizobaki zina kigawo cha shirika na 6. Mfumaji huyajua haya kwa mikono. Lucas aliyaandika kwa lugha ya vigawo.

Mwaka 1878 alichapisha makala ndefu katika jarida la American Journal of Mathematics, ambalo lilikuwa ndiyo kwanza linaanzishwa, akieleza mifuatano ambamo kila namba hupatikana kutokana na mbili zilizotangulia. Mfuatano maarufu wa aina hiyo ni 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, na Lucas ndiye aliyeuenezea jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeuandika katika kitabu chake cha mwaka 1202. Mfuatano unaobeba jina la Lucas mwenyewe unafuata kanuni hiyo hiyo ya kujumlisha, lakini unaanza kwa 1 na 3: 1, 3, 4, 7, 11, 18, 29, 47, 76, 123. Naomba msomaji aukumbuke, kwa sababu nitauhitaji hapa chini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Kaka yangu alinichongea mnara wa mbao wenye visahani 5 kufuatana na fumbo lenu. Nimeweza kuuhamisha kwa hatua 31, lakini rafiki yangu anadai ipo njia fupi zaidi. Nani yuko sahihi, na kwa nini unaitwa Mnara wa Hanoi? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Mwanangu, wewe uko sahihi, na unaweza kumthibitishia rafiki yako bila kugusa kisahani hata kimoja.

Kwa wasomaji ambao hawakuliona fumbo: kuna vijiti vitatu vilivyosimama, na kwenye kimojawapo vimepangwa visahani, kikubwa chini na kidogo juu. Mchezaji anatakiwa kuuhamishia mnara wote kwenye kijiti kingine, akihamisha kisahani kimoja kwa wakati mmoja, na asiweke kamwe kisahani kikubwa juu ya kidogo. Sasa kifikirie kile kisahani cha chini kabisa. Hakiwezi kutoka mpaka vingine vyote vinne viwe vimekwisha kuondoka juu yake, na kisahani hicho hakina pa kwenda mpaka kijiti kimoja kiwe kitupu. Kwa hiyo vile vinne lazima viwe vimekaa vyote kwenye kijiti cha tatu, navyo vitakuwa vimepangwa kwa mnara. Kisha kikubwa kinahama mara moja, na vile vinne vinarudi juu yake. Kwa hiyo hatua za visahani 5 ni hatua za visahani 4 mara mbili, kuongeza 1. Kisahani kimoja kinahitaji hatua 1, viwili 3, vitatu 7, vinne 15, vitano 31. Hakuna njia fupi zaidi, kwa sababu kila sehemu ya hesabu hii ililazimishwa na sharti la mchezo. Kwa jumla, visahani n vinahitaji hatua 2ⁿ − 1.

Lucas aliutoa mchezo huu mwaka 1883, ukiwa na visahani 8 vya mbao, ambavyo vinahitaji hatua 255. Hakutumia jina lake. Kwenye sanduku paliandikwa kwamba umeletwa na “N. Claus (de Siam)”, mwenye cheo katika chuo cha “Li-Sou-Stian”. Ukizipanga upya herufi za jina la kwanza utapata Lucas d'Amiens, na ukizipanga za pili utapata Saint-Louis, shule aliyokuwa akifundisha. Jina la Hanoi nalo lilikuwa likisomwa kila mara katika magazeti ya Ufaransa mwaka ule kwa sababu ya vita vya Tonkin, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Vietnam, na ndivyo jina la mji huo lilivyokwenda kukaa kwenye mchezo wa watoto.

Mchezo uliambatana na kisa kwamba katika hekalu moja la mji wa Benares, India, makuhani huhamisha usiku na mchana visahani 64 vya dhahabu kati ya sindano tatu za almasi, na kwamba siku watakapomaliza, ulimwengu utakwisha. Kisa hicho ni cha kubuni, lakini hesabu yake ni ya kweli: hatua zinazohitajika ni 18,446,744,073,709,551,615, na kama kila hatua ingechukua sekunde moja, kazi ingedumu takriban miaka bilioni 585. Ningekushauri, mwanangu, uzitazame tena namba 1, 3, 7, 15, 31, 63, 127, kwa maana namba hizi hizi za mnara wako ndizo zilizomshughulisha Lucas katika kazi yake nzito kuliko zote, ambayo msomaji afuataye ameiulizia.

SWALI: Bwana Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 1876 Lucas alithibitisha kuwa nambari fulani yenye tarakimu 39 ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, miaka mingi kabla ya kompyuta. Mimi nilifundishwa kwamba nambari tasa hujulikana kwa kujaribu kuigawa kwa nambari ndogo. Je, aliigawa mara ngapi? Nakiri kwamba siamini. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Una haki ya kutoamini, kwa sababu kwa njia uliyofundishwa jambo hilo lisingewezekana. Namba yenyewe ni 2¹²⁷ − 1, yaani 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727, ambayo pia ni idadi ya hatua za mnara wenye visahani 127. Anayetaka kuihakikisha kwa kugawa angelazimika kuwajaribu wagawanyaji mpaka kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho chenyewe kina tarakimu 20. Hata angewaruka wengi ambao hawawezi kufaa, maisha ya watu wote aliowahi kuwafundisha yasingetosha. Lucas hakuigawa kwa hata mmojawapo. Aligundua swali jingine la kuiuliza namba hiyo, ambalo jibu lake linapatikana kwa hatua 125 tu za kuzidisha na kugawa.

Nitaeleza kwa namba ndogo ya aina ile ile, 127, ambayo ni 2⁷ − 1. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, toa 2; unapata 7. Rudia: 7 mara 7 ni 49, toa 2, unapata 47. Rudia tena: 47 mara 47 ni 2,209, toa 2, unapata 2,207. Hapa namba imeshaipita 127, kwa hiyo igawe kwa 127 na ubaki na baki peke yake, ambalo ni 48. Endelea na 48: unapata 2,302, na baki lake ni 16. Endelea na 16: unapata 254, ambayo ni 127 mara mbili kamili, kwa hiyo baki ni 0. Tumefika kwenye namba ya sita katika orodha, na kipeo chetu, yaani ile namba ndogo iliyo juu ya 2 katika 2⁷, ni 7. Kanuni inasema: ikiwa kipeo p ni namba tasa ambayo ikigawiwa kwa 4 inabakisha 3, namba 2ᵖ − 1 ni tasa endapo sifuri itatokea kwenye namba ya p − 1 katika orodha, isipotokea hapo, si tasa.

Jaribu na 2¹¹ − 1, ambayo ni 2,047. Orodha inakwenda 3, 7, 47, 160, 1,034, 620, 1,609, 1,471, kisha 160 tena, na 1,034 tena. Imeingia kwenye mzunguko na haitaiona sifuri kamwe. Na kweli, 2,047 ni 23 mara 89.

Najua kwamba msomaji makini hataridhika na mifano miwili, na mimi pia nisingeridhika. Sababu ya kanuni hii inaweza kuelezwa, na naomba subira kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye utamu wa kazi yake.

Namba 3, 7, 47 na 2,207 ni namba za Lucas zilizo katika nafasi ya 2, 4, 8 na 16: kila tunapozidisha namba kwa yenyewe na kutoa 2, nafasi inaongezeka maradufu. Mfuatano wa Fibonacci nao una uhusiano wa karibu na huu: ukizidisha namba ya Fibonacci na namba ya Lucas zilizo katika nafasi moja, unapata namba ya Fibonacci iliyo katika nafasi maradufu. Kwa mfano, katika nafasi ya 4 zipo 3 na 7, na 3 mara 7 ni 21, ambayo ni Fibonacci ya nafasi ya 8. Zaidi ya hayo, kila namba tasa ina nafasi yake ya kwanza ambapo inaigawa namba ya Fibonacci bila baki, na baada ya hapo huzigawa zile tu zilizo katika nafasi ambazo ni vigawe vya nafasi hiyo ya kwanza. Namba 3 hutokea nafasi ya 4, namba 7 nafasi ya 8, namba 11 nafasi ya 10. Lililo muhimu ni kwamba namba tasa haichelewi kupita kiasi: nafasi yake ya kwanza haizidi namba yenyewe kuongeza 1.

Sasa rudi kwenye 127. Sifuri tuliyoipata ina maana kwamba 127 inaigawa namba ya Lucas ya nafasi ya 64, na kwa hiyo inaigawa Fibonacci ya nafasi ya 128. Chukua kigawo chochote tasa cha 127 na tukiite q. Kigawo hicho kinaigawa Fibonacci ya nafasi ya 128, lakini hakiwezi kuigawa ile ya nafasi ya 64, kwa sababu namba za Fibonacci na za Lucas za nafasi moja hazina kigawo cha shirika kinachozidi 2, na 127 ni witiri. Kwa hiyo nafasi ya kwanza ya q inaigawa 128 lakini haiigawi 64, na namba pekee yenye sifa hiyo ni 128 yenyewe. Lakini nafasi ya kwanza haizidi q kuongeza 1. Basi q haipungui 127. Kigawo pekee kinachowezekana ni 127 nzima, kwa hiyo 127 ni tasa. Badilisha 7 iwe 127 na maneno haya yote yanabaki kama yalivyo. Kinachoongezeka ni jasho la kuzidisha tu.

Jasho hilo lilikuwa jingi. Lucas alipendelea kuzifanya hesabu hizi katika mfumo wa namba wenye tarakimu mbili tu, 0 na 1, ambamo kugawa kwa 2¹²⁷ − 1 kunakuwa ni kusogeza na kujumlisha, na alieleza jinsi zinavyoweza kupangwa kwa vipande juu ya ubao wa miraba mfano wa ule wa sataranji. Ni kweli pia kwamba hakuwa mwangalifu sana wa kuandika uthibitisho kamili. Alitangaza kanuni nyingi, baadhi zikiwa na masharti yasiyokamilika, na ilimbidi Mmarekani Derrick Henry Lehmer azinyooshe karibu mwaka 1930. Ndiyo maana leo jaribio hilo linaitwa la Lucas na Lehmer. Katika umbo alilolipa Lehmer, orodha inaanza na 4 badala ya 3, nalo linafaa kwa kila kipeo tasa kilicho witiri.

SWALI: Inasemekana Lucas alidai kwamba namba fulani si tasa, lakini alishindwa kuonyesha vigawo vyake. Je, hilo si dai tupu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Si dai tupu hata kidogo, ndugu msomaji, ingawa naelewa kwa nini linaonekana hivyo. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeandikiana barua na wanahisabati wa Ulaya nzima, alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, vinaifanya 2ᵖ − 1 kuwa tasa. Ndani yake kulikuwa na 67 na 127. Lucas aliikuta 127 kuwa sahihi. Lakini kuhusu 67, mwaka huo huo wa 1876, alionyesha kwamba Mersenne alikosea. Ukilielewa jaribio lililoelezwa hapo juu, utaona kwamba sifuri isipotokea mahali pake, namba haiwezi kuwa tasa, na ushahidi huo unatosha kabisa hata kama hujui vigawo ni vipi. Daktari anaweza kuwa na hakika kwamba mtu ana homa kabla hajajua imetokana na nini.

Vigawo vyenyewe vilisubiri miaka 27. Mwezi Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Wanahisabati wa Marekani jijini New York, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni, na inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliikokotoa 2⁶⁷ − 1 kwa mkono, kisha upande wa pili wa ubao akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yote mawili yalikuwa 147,573,952,589,676,412,927. Akarudi kuketi, na ukumbi ukampigia makofi.

SWALI: Ningependa kujua kama Lucas aliacha michezo mingine inayofaa darasani. Wanafunzi wangu wanalichukia somo la hesabu. (Mwalimu wa shule ya msingi, Nakuru)

JIBU: Aliacha mingi, Mwalimu. Kuanzia mwaka 1882 alichapisha kitabu kiitwacho Récréations mathématiques, ambacho kilifikia juzuu nne, mbili za mwisho zikitolewa baada ya kifo chake. Kwa maoni yangu kitabu hicho kina thamani sawa na makala zake za kitaalamu, kwa kuwa kilimkaribisha kwenye fikra za ndani za hesabu mtu asiyejua aljebra.

Kwa watoto wadogo, jaribu mchezo wa nukta. Chora safu za nukta kwenye daftari. Wachezaji wawili wanapokezana kuunganisha nukta mbili zilizo jirani kwa mstari mfupi, na anayekamilisha mraba anauandika jina lake na kucheza tena. Lucas aliuchapisha mwaka 1889 kwa jina la pipopipette, akieleza kwamba ulitoka kwa wanafunzi wa École polytechnique. Ukiacha nukta ziwe chache, tisa kwa mfano, watoto wataanza wenyewe kutafuta nani ana uhakika wa kushinda, na hapo somo limeshaanza bila wao kuambiwa.

Kwa wakubwa zaidi kuna swali la meli, ambalo aliwahi kuwauliza wanahisabati wenzake katika mkutano wa kisayansi. Kila siku saa sita mchana meli moja huondoka Le Havre kwenda New York, na saa hiyo hiyo nyingine huondoka New York kwenda Le Havre. Safari ni ya siku saba kamili, kwenda au kurudi. Meli inayoondoka Le Havre leo itakutana na meli ngapi za upande wa pili? Wengi hujibu saba, kwa kuwa wanazifikiria zile zitakazoondoka na kuzisahau zile ambazo tayari ziko baharini. Jibu ni 15: moja inayoingia bandarini wakati yetu inatoka, 13 katikati ya bahari, na moja inayotoka New York wakati yetu inaingia. Usiwape jibu. Waache wachore mistari ya safari kwenye karatasi ya miraba, siku upande mmoja na umbali upande mwingine, nao watazihesabu makutano kwa macho.

Kuna na fumbo la mwaka 1875 la mizinga na risasi zake za duara. Risasi zikipangwa kwa umbo la piramidi lenye kitako cha mraba, juu 1, chini yake 4, kisha 9, kisha 16, ni lini jumla yake inaweza kutandazwa chini ikawa mraba kamili? Ukiacha risasi moja peke yake, hutokea mara moja tu: tabaka 24, risasi 4,900, ambazo ni 70 mara 70. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kulitafuta jibu hilo kwa kujumlisha. Kuthibitisha kwamba hakuna jingine kulichukua miongo minne, mpaka Mwingereza G. N. Watson alipofanya hivyo mwaka 1918.

SWALI: Alikufa vipi? Nimesikia habari ya sahani, nikadhani ni hekaya. (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Si hekaya. Mwezi Septemba 1891 Lucas alikuwa Marseille kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha Kifaransa cha kuendeleza sayansi, ambacho alikitumikia kwa miaka mingi. Katika karamu, mhudumu aliangusha vyombo, na kigae cha sahani iliyovunjika kikaruka na kumkata shavuni. Jeraha likapata maambukizi ya ngozi, na katika zama zile hapakuwa na dawa ya kuyazuia. Alifariki jijini Paris tarehe 3 Oktoba 1891, akiwa na umri wa miaka 49. Mwaka huo huo ndipo ilipotoka juzuu ya kwanza ya Théorie des nombres, kitabu alichokusudia kukusanya ndani yake yote aliyoyajua kuhusu namba. Nasikitika kila ninapokumbuka kwamba juzuu zilizopaswa kufuata hazikuandikwa.

SWALI: Je, kuna anayelitumia jaribio lake leo, au limebaki historia? (Mwanafunzi wa chuo, Bujumbura)

JIBU: Linatumika. Namba ya Lucas yenye tarakimu 39 ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miaka 75, hadi 1951. Mwaka uliofuata Raphael Robinson aliliandikia jaribio hilo maagizo ya kompyuta iitwayo SWAC huko Los Angeles, na siku ya kwanza ya kazi zikapatikana namba mbili mpya, ya kwanza ikiwa 2⁵²¹ − 1. Tangu mwaka 1996 watu wa kujitolea katika nchi nyingi wameziunganisha kompyuta zao kupitia intaneti katika mradi wa GIMPS, wakizitafuta namba za aina hii peke yake. Mwezi Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza kwamba Luke Durant wa Marekani ameipata 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Dalili za awali zilitokana na jaribio jingine la haraka zaidi. Lakini kabla ya kutangaza, waliipitisha namba hiyo katika jaribio la Lucas na Lehmer, kwa programu tofauti na mashine tofauti. Orodha ilianza na 4, kila namba ikazidishwa kwa yenyewe na kutolewa 2, na mwishoni kila mashine ikatoa sifuri.